Kisiwa cha Maziwe

Kwetu Busawe hakuna bahari, ila tunajua mvua inavyoondoka na udongo pale miti ikikatwa. Ndiyo maana wanafunzi wangu walielewa upesi nilipowasimulia habari za Maziwe, kisiwa kidogo cha mchanga mbele ya Pangani, mkoani Tanga.

Zamani kilikuwa na mivinje, na kasa walipanda pale kutaga kwa wingi. Miti ikakatwa. Mizizi ilipokosekana, mawimbi yakauchukua mchanga. Serikali ilikitangaza kuwa hifadhi mwaka 1975, lakini ilipofika mwanzoni mwa miaka ya 1980 hakikuwa na mti hata mmoja, na maji yakijaa kilifunikwa chote. Wako wanaotaja pia kupanda kwa bahari. Sibishi, ila naona shoka ndilo lililofungua mlango.

Nawafikiria zaidi wale kasa. Hadi leo hulipanda fungu lile la mchanga na kutaga pale pale, mahali ambapo maji yatayafikia mayai. Basi watu huyachimbua, huyavusha hadi ufuko wa Ushongo, huyafukia upya, kisha huyalinda mpaka yaanguliwe.