Wanasheria wa Kwanza wa Chuo cha Dar es Salaam na Utumishi Wao

Wahenga walisema, chanda chema huvikwa pete. Ni desturi ya vyuo vikuu vingi kuwaita wahitimu wao wa zamani waliofika mbali, kuwasimamisha mbele ya vijana, na kuzitaja kazi zao ili ziwe mfano. Desturi hii ni njema, maana mcheza kwao hutunzwa. Walakini ina hatari yake. Aghalabu jicho la watu hutazama cheo, nayo kazi iliyofanywa ndani ya cheo husahauliwa. Tena husahauliwa kabisa yule aliyefanya kazi kubwa pasipo cheo. Katika makala haya nakusudia kuwatazama baadhi ya wale walioingia kusoma sheria Dar es Salaam katika miaka kumi ya kwanza ya chuo hicho, na kuuliza ni kitu gani hasa tunachokivika pete.

Kwanza yafaa tukumbuke hali ilivyokuwa kabla yao. Katika siku za utawala wa Kiingereza, kijana wa Afrika ya Mashariki aliyependa kuwa wakili hakuwa na chuo cha sheria karibu naye. Makerere ilifundisha uganga, ualimu, ukulima na elimu nyingine, bali sheria haikufundishwa. Aliyetaka sheria alikwenda ng'ambo, na wengi waliokwenda walikwenda London kuingia katika vyama vya kale vya mawakili wa huko. Safari hiyo ilitaka fedha nyingi au msaada wa serikali, na serikali ya kikoloni haikuwa na haraka ya kuwalea watu ambao kazi yao ni kuhoji amri zake. Matokeo yake ni kwamba Tanganyika ilipokaribia uhuru, mawakili wake Waafrika walikuwa wa kuhesabika kwa vidole. Nchi ilikuwa na wananchi mamilioni, bali elimu ya sheria zilizowatawala ilikuwa mikononi mwa wageni.

Upungufu huu haukuwa wa Tanganyika peke yake. Mwaka 1960 huko Uingereza iliundwa kamati chini ya Lord Denning kuangalia mafunzo ya sheria kwa wanafunzi wa Afrika, na taarifa yake ilitolewa mwanzoni mwa mwaka 1961. Palionekana wazi kwamba haifai sheria za Afrika kuendelea kufundishwa London kwa watu watakaozitumia Afrika. Hivyo, tarehe 25 Oktoba 1961, siku 45 kabla ya uhuru, kilifunguliwa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, wakati ule kikiwa tawi lenye uhusiano na Chuo Kikuu cha London. Hakikuwa na majengo yake mwenyewe. Kilianza katika jengo la chama cha TANU, katika mtaa ambao leo waitwa Lumumba, kikiwa na kitivo kimoja tu, kitivo cha sheria, na wanafunzi 14.

Huenda msomaji akastaajabu kwamba nchi maskini, yenye uhaba wa waganga na mainjinia, ilianza na sheria. Sababu yake si ngumu kuijua. Dola mpya huweza kuazima mganga kwa jirani, na dawa itaponya vilevile. Bali ikiazima mtu wa kuitungia sheria na kuihukumia watu wake, uhuru wake una kasoro. Tena kitivo hicho hakikuwa cha Tanganyika pekee. Mwaka 1963 chuo kiliingia katika Chuo Kikuu cha Afrika ya Mashariki pamoja na Makerere na Nairobi, na vijana wa Kenya na Uganda walikuja Dar es Salaam kusoma sheria, kwa kuwa kwao haikufundishwa bado. Mwaka 1964 chuo kilihamia kilimani, nje kidogo ya mji, mahali ambapo mpaka leo watu hupaita Mlimani.

Mkuu wa kwanza wa kitivo alikuwa Profesa A. B. Weston. Mgeni njoo mwenyeji apone: mtu huyu aliliona jambo ambalo wenyeji wengi hawakuwa wamelitilia maanani, yaani taabu ya lugha. Wanafunzi wake walisoma sheria kwa Kiingereza, na walipomaliza walikwenda kuwatumikia watu wanaonena Kiswahili. Mwaka 1965 aliandika juu ya shida za kuiweka sheria katika Kiswahili, na mwaka 1968 ikatolewa orodha ya istilahi za sheria kwa Kiingereza na Kiswahili iliyotayarishwa naye. Wapenzi wa lugha hawana haja ya kuambiwa uzito wa kazi hiyo. Neno moja laweza kubeba maana mbili ambazo sheria hutaka zitenganishwe. Neno «haki», kwa mfano, ni kile kimpasacho mtu kukipata, na papo hapo ni uadilifu wa hukumu yenyewe. Kwa mzee anayedai shamba lake mambo haya mawili ni jambo moja. Kwa mwanasheria ni mawili, na hapo ndipo wanapoanza kupotezana. Nitalirudia jambo hili mwishoni.

Sasa na tuwatazame wahitimu wenyewe. Bibi Julie Manning, mzaliwa wa Morogoro, alikuwa mwanamke wa kwanza wa nchi yake kusoma sheria katika chuo hicho. Alifanya kazi ya kuandika miswada ya sheria, kazi isiyoonekana na watu, maana jina la mwandishi halitiwi juu ya sheria. Kisha akawa Jaji wa Mahakama Kuu, mwanamke wa kwanza nchini kushika cheo hicho. Mwaka 1975 aliteuliwa kuwa Waziri wa Sheria, naye pamoja na Bibi Tabitha Siwale wakawa wanawake wa kwanza kuingia katika Baraza la Mawaziri la Tanzania. Katika Kenya njia kama hiyo ilifunguliwa na Bibi Effie Owuor, aliyehitimu Dar es Salaam mwaka 1967, naye akawa mwanamke wa kwanza kuwa jaji wa Mahakama Kuu ya Kenya mwanzoni mwa miaka ya 1980. Wanawake hawa wawili hawakupewa njia, waliilima.

Bwana Joseph Sinde Warioba alihitimu mwaka 1966. Alikuwa Mwanasheria Mkuu wa Serikali tangu mwaka 1976, baadaye Waziri wa Sheria, na kutoka 1985 hata 1990 Waziri Mkuu. Aliingia pia katika mazungumzo marefu ya mataifa juu ya sheria ya bahari, na miaka ya 1990 akawa jaji wa mahakama ya kimataifa ya mambo hayo huko Hamburg. Vyeo hivi vyatosha kujaza ukurasa. Lakini mwananchi wa kawaida hamkumbuki kwa vyeo hivyo. Amkumbuka kwa taarifa mbili alizoziongoza baada ya kutoka katika uwaziri mkuu. Ya kwanza ni ile ya mwaka 1996 juu ya rushwa, iliyosema bila kuficha kwamba rushwa imepanda kutoka chini mpaka juu. Ya pili ni Rasimu ya Katiba, iliyokabidhiwa mwishoni mwa mwaka 2013 na Tume aliyoiongoza, ikipendekeza muungano wa serikali tatu.

Hapo pana jambo la kufikiriwa sana na watu wa historia. Bunge Maalumu lililokutana Dodoma mwaka 2014 kuijadili rasimu hiyo liliongozwa na Bwana Samuel Sitta, naye pia mhitimu wa sheria wa Dar es Salaam, aliyepata kuwa Spika wa Bunge tangu 2005 mpaka 2010. Bunge hilo liliyaondoa mapendekezo ya serikali tatu. Wajumbe wengi wa upinzani walitoka nje. Na Katiba Inayopendekezwa ikapitishwa mwezi wa Oktoba pasipo wao. Kura ya maoni iliyokusudiwa kufanywa mwaka 2015 haikufanyika. Basi wanafunzi wawili wa chuo kimoja, waliofundishwa katiba katika madarasa yale yale, walisimama pande mbili za shauri kubwa la nchi yao. Si aibu kwa chuo. Chuo cha sheria kinachotoa watu wa fikira moja tu kimefundisha utii, hakikufundisha sheria.

Marehemu Jaji Augustino Ramadhani, mzaliwa wa Zanzibar, alihitimu mwaka 1970, akaingia jeshini na kufika cheo cha Brigedia Jenerali. Alikuwa Jaji Mkuu wa Zanzibar, kisha Jaji wa Mahakama ya Rufani, na kutoka 2007 hata 2010 Jaji Mkuu wa Tanzania. Mwaka 2010 Mahakama ya Rufani chini yake iliamua katika shauri la Mchungaji Christopher Mtikila kwamba suala la mgombea binafsi ni la Bunge kuamua, wala si la mahakama. Shauri lilipelekwa katika Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, Arusha, na mwaka 2013 mahakama hiyo iliamua kwamba haki ya Mchungaji Mtikila ilivunjwa. Wakati huo Jaji Ramadhani alikuwa mmoja wa majaji wa Arusha. Kwa kuwa ni raia wa nchi iliyoshitakiwa, alikaa kando, wenzake wakaamua. Hakuacha mahakama hiyo kwa sababu ilitofautiana na ile aliyoiongoza. Aliendelea kuitumikia, na mwaka 2014 wenzake wakamchagua kuwa Rais wake. Alifariki mwaka 2020. Sisi twaweza kubishana juu ya hukumu ya 2010, lakini mtu aliyekubali kwamba juu ya hukumu yake pana hukumu nyingine amefundisha somo lisiloandikwa kitabuni.

Uganda ilimpata Jaji Benjamin Odoki, aliyehitimu mwaka 1969. Aliiongoza tume iliyozunguka nchi kukusanya maoni ya wananchi, ambayo kazi yake ndiyo iliyozaa Katiba ya mwaka 1995, kisha akawa Jaji Mkuu kutoka 2001 hata 2013. Kenya ilimpata Dakta Willy Mutunga, aliyehitimu mwaka 1971. Alikuwa mwalimu wa sheria Nairobi, na mwaka 1982 alikamatwa na kuwekwa kizuizini hata mwaka uliofuata. Mwaka 2011 mtu huyu aliyefungwa pasipo hukumu ya mahakama alifanywa Jaji Mkuu, wa kwanza chini ya Katiba ya mwaka 2010, akaongoza Mahakama ya Juu mpaka 2016. Kama alivyopata kukaa ndani bila kusikilizwa, hapana shaka alijua thamani ya mlango wa mahakama uliofunguliwa.

Nimebakiza mmoja kwa makusudi. Profesa Issa Shivji alihitimu mwaka 1970, akabaki chuoni kufundisha mpaka 2006. Hakuwa jaji wala waziri. Mwaka 1991 aliwekwa kuwa mwenyekiti wa Tume ya Rais ya kuchunguza mambo ya ardhi. Tume ilikwenda mikoani, ikakaa na wanavijiji, ikasikiliza malalamiko ya watu waliohamishwa na walionyang'anywa. Ilishauri kwamba mamlaka ya mwisho juu ya ardhi yatolewe mikononi mwa Rais, na ardhi ya vijiji iwe chini ya mikutano ya wanavijiji wenyewe. Sheria za ardhi za mwaka 1999 hazikulikubali shauri hilo. Ardhi yote iliendelea kuwa ya umma chini ya Rais kama mdhamini. Je, mtu ambaye shauri lake kubwa halikufuatwa tumvike pete? Nasema ndiyo. Maneno ya wanavijiji yaliandikwa, yakahifadhiwa, na kila anayelijadili suala la ardhi leo hurudi kuyasoma.

Yapasa pia kuwakumbuka wasio na majina. Tangu mwaka 1967 walimu na wanafunzi wa kitivo hicho walikuwa na Kamati ya Msaada wa Sheria, wakiwasikiliza bure watu wasioweza kulipa wakili: mpangaji anayefukuzwa, mjane anayenyimwa mirathi, kibarua asiyelipwa ujira. Kati ya vijana waliokaa katika viti hivyo, wengi walikwenda kuwa mahakimu wa wilaya za mbali, na hakuna atakayewasimamisha jukwaani.

Mwisho narudi kwenye lugha. Mahakama za Mwanzo zilitumia Kiswahili, bali kadiri shauri lilivyopanda ngazi, Kiingereza kilishika nafasi, hata mdai akasimama mbele ya majaji wakilijadili shamba lake kwa maneno asiyoyafahamu. Orodha ya Profesa Weston ilikuwapo tangu 1968. Wahitimu walikuwapo mahakamani, Bungeni na Ikulu. Hata hivyo ilingojewa mpaka mwaka 2021 ndipo sheria ilipotamka kwamba Kiswahili ndicho lugha ya sheria na ya mahakama nchini Tanzania. Zaidi ya miaka 50 ni muda mrefu mno, na lawama hii hatuwezi kuwaondolea wahitimu wetu tunapowasifu. Waliirithi nyumba ya wageni, wakaikalia kwa heshima, lakini walichelewa kuibadilisha milango.

Kwa hiyo tuwavike pete, maana wameistahili. Lakini tuwaambie vijana wanaoingia leo Mlimani kwamba cheo ni dhamana. Deni lililobaki ni kubwa: sheria nyingi na hukumu nyingi zangoja kuandikwa katika lugha ambayo mwenye shauri ataisoma mwenyewe, pasipo mkalimani. Atakayelilipa deni hilo, hata asipopata kuwa jaji wala waziri, atakuwa amekamilisha kazi iliyoanzwa na wale 14 katika jengo la kuazima, siku 45 kabla ya uhuru.