Mtani katika Sinema: Habari za Mchezaji wa Pembeni

Waandishi wa historia ya sinema nchini Tanzania huanza na majina ya watengenezaji, wakafuatisha ya wachezaji wakuu, kisha wakasimama. Mchezaji wa pembeni, yaani baba mkali, mlevi, jirani mdaku au mjanja wa mjini, hutajwa kwa nafasi yake tu, ikiwa ametajwa. Nafasi hiyo, hata hivyo, imeishi kuliko miradi na kampuni zilizoitumia.

Mwaka 1935 ulianzishwa huko Vugiri, Usambara, mradi wa sinema za elimu kwa Waafrika, chini ya L. A. Notcutt na G. C. Latham. Ulipofungwa mwaka 1937 ulikuwa umetengeneza filamu 35. Mojawapo ilisifu benki ya akiba ya posta: mtu mmoja afukia fedha zake ardhini, zikaibwa, mwenziwe aziweka benki, zikasalimika. Funzo lilibebwa na mwekaji, lakini mchezo ulisukumwa na mwizi. Pasipo yeye hapana kisa. Filamu zinazojulikana kuwa zimesalia ni 3: ya mafunzo ya uganga wa mifugo, ya safura, na ya mashamba ya Kingolwira. Mwizi yule hayumo.

Katika miaka ya 1950 serikali ya Tanganyika ilishirikiana na African Film Productions ya Afrika Kusini kutengeneza filamu za Kiswahili. Katika Muhogo Mchungu, kisa cha mtu wa shamba aingiaye Dar es Salaam, alicheza Rashidi Mfaume Kawawa. Jina lake limehifadhiwa, na yafaa isemwe wazi kwamba limehifadhiwa na siasa zaidi ya sanaa, kwani mwaka 1962 alikuwa Waziri Mkuu. Wenziwe waliocheza kando yake hawakuwa na bahati hiyo.

Kwa mtazamaji wa Dar es Salaam, shamba halikuwa mbali: lilianza Kisarawe, nyuma ya vilima vya Pugu, na Kibaha, katika barabara ya Morogoro. Huko ni Uzaramo, na Uzaramo una utani. Wako wanaovihusisha vichekesho vya pwani na sinema za Charlie Chaplin. Huenda Chaplin alichangia, ila mwenye kuhudhuria msiba wa Kizaramo hana haja ya kwenda mbali hivyo. Mtani huweza kumwiga marehemu, akadai fedha, hata akazuia jeneza lisitoke, na mfiwa haruhusiwi kukasirika. Msiba si wake. Amekuja katika kisa cha mwingine, naye anajua wakati wa kuingia na wakati wa kunyamaza. Kazi ya mchezaji wa pembeni ni hiyo hiyo.

Televisheni ilipoanza Tanzania Bara mwaka 1994, takriban miaka 20 baada ya Zanzibar, nafasi hizo zilipata wenyewe wa kudumu. Katika michezo ya kundi la Kaole, iliyoonyeshwa na ITV, Fundi Saidi alikuwa Mzee Kipara, na Mohamed Fungafunga alikuwa Mzee Jengua. Walifariki, wa kwanza mwaka 2012, wa pili mwaka 2020, na wengi waliowatazama kwa miaka hawakuyajua majina yao ya kuzaliwa. Vijana waliopendana katika michezo hiyo walibadilishwa mmoja baada ya mwingine. Wazee walibaki palepale, na kikohozi cha mmoja wao uani kilitosha kuwanyamazisha waliokuwa barazani.