Nani Mtunzi? Albamu ya Mtindo wa Mombasa na Suala la Utunzi katika Taarab

Mwaka 1990 kampuni ya GlobeStyle ya London ilitoa albamu ya Mtindo wa Mombasa kwa jina la Zein Musical Party. Jina hilo la kundi lamtaja mtu mmoja na kuwafumba wenziwe. Kwa mhakiki wa fasihi, hapo ndipo lilipo swali la msingi: matini ya taarab ni kazi ya nani?

Zein l'Abdin alizaliwa Lamu mwaka 1939, akahamia Mombasa, na hadi kufariki kwake mwaka 2016 alihesabiwa miongoni mwa mabingwa wa udi wa pwani nzima. Hata hivyo, si kila alichokiimba alikitunga. Alishirikiana na Sheikh Ahmed Sheikh Nabhany, mshairi na mtaalamu wa lugha, ambaye kwaye tungo za kale za Lamu zilipata njia ya kurudi masikioni mwa watu. Halikadhalika Juma Bhalo, aliyefariki mwaka 2014, aliimba tungo za jamaa yake Ahmad Nassir, mwandishi wa Malenga wa Mvita (1971). Kwa hiyo, ushairi uleule ulisomwa vitabuni na kusikizwa arusini.

Wahakiki wengi wameyashughulikia maneno peke yake, wakayaona muziki kuwa ni pambo. Mtazamo huo una kasoro. Mshororo wenye mizani 16, uliogawanyika 8 kwa 8, hubadilika uimbwapo. Mwimbaji aweza kukirudia kipande cha kwanza, udi ukamjibu, na kina cha kati kikapata uzito ambao msomaji wa kimyakimya hausikii. Kati ya ubeti na ubeti, ala humpa msikilizaji nafasi ya kulifumbua fumbo. Wapigaji, basi, wanashiriki katika kuijenga maana.

Ala zenyewe zina historia. Kisiwa cha Mombasa kina Mji wa Kale upande wa mashariki, na upande wa magharibi kina maghala ya Shimanzi na bandari ya Kilindini. Kupitia bahari ziliingia santuri za Misri na nyimbo za filamu za Kihindi, na pia taishokoto, kinanda cha nyuzi kilichobuniwa Japani mwaka 1912. Bhalo aliegemea lahani za Kihindi. Zein aliegemea udi na mapokeo ya Uarabuni na Lamu. Hakuna kati yao aliyeacha kuwa Mswahili kwa sababu hiyo, maana bahari za ushairi ndizo zilizozitawala lahani hizo.

Athari ya suala hili si ya nadharia tu. Jina lisipoandikwa kwenye jalada, mshairi hukosa haki yake na mpigaji husahaulika. Na kizazi kijacho hurithi sauti isiyo na nasaba. Studio huhifadhi sauti, lakini haihifadhi uhusiano wa watu walioitoa, isipokuwa mtu aukusudie.

Inafaa, kwa hiyo, uhakiki wa taarab uanze kwa kuwatenganisha mtunzi wa maneno, mtunzi wa lahani, mwimbaji na wapigaji, ndipo uwakutanishe tena katika uchambuzi. Kuitwa kazi hiyo ya Zein ni haki. Kuitwa ya Zein pekee ni kuipunguza.