Mapango ya Mlima Elgon na siri za ndovu

MLIMA Elgon, wenye kimo cha mita 4,321, umo mpakani mwa Kenya na Uganda. Upande wa Kenya, sehemu ya msitu wake ilitangazwa kuwa mbuga ya kitaifa mwaka wa 1968.

Mpelelezi Joseph Thomson alipofika huko mwaka wa 1883, aliwakuta wenyeji wakiishi mapangoni pamoja na mifugo yao. Alidhani mapango hayo yalichimbwa na watu wa kale waliotafuta madini. Watafiti wa baadaye walibaini kuwa ndovu wamechangia pakubwa kulipanua Pango la Kitum. Huingia humo usiku, wakipapasa njia kwa mkonga, na kumegua miamba yenye chumvi kwa pembe zao.

Pango hilo lina hatari pia. Wagonjwa wawili wa virusi vya Marburg, mwaka wa 1980 na 1987, walikuwa wamelizuru. Mwaka wa 2007, dalili za virusi hivyo zilipatikana katika popo aliyenaswa humo.

Ndama huijua njia ya pangoni kwa kuandamana na mama zao. Majangili wanapomuua ndovu mkongwe, elimu hiyo huangamia naye.