Kompyuta ya zamani, madini ya nyumbani

Fundi wa Bukavu akifungua kompyuta ya mezani ya zaidi ya miaka 20, iliyokwisha kutumiwa Ulaya, kwanza anapuliza vumbi. Kisha anaangalia kapasita, vile vipande vidogo vinavyotunza umeme. Za aluminiamu zikivimba kichwani, anazibadilisha. Za tantali, nyingine ndogo kama punje ya mchele, mara nyingi bado ni nzima.

Tantali hutoka katika koltani. Mwaka 2000 bei yake ilipanda ghafla duniani kwa ajili ya simu na kompyuta. Watu wengi wa Kivu waliacha mashamba wakaenda kuchimba, hata ndani ya Mbuga ya Kahuzi-Biega, ambako tembo na gorila waliuawa. Mwezi wa Novemba RCD, iliyotawala Bukavu, iliipa kampuni moja tu, SOMIGL, haki ya kuuza koltani nje. Mwaka 2001 bei ikaanguka. Vita haikuanguka pamoja nayo.

Punje gani ilitoka Kivu, hakuna fundi awezaye kusema. Lakini mashini hizo za wakati wa Windows XP, ambayo Microsoft iliacha kuihudumia tarehe 8 Aprili 2014, bado zinaandika barua: RAM inaongezwa, betri ya CR2032 inabadilishwa ili tarehe isipotee, Linux nyepesi inawekwa.

Ikikataa kabisa kuwaka, familia iliyokimbia vita isiitupe. Diski ikiwa nzima, husomwa kwenye kompyuta nyingine, na vyeti vya watoto na picha za wazazi vikatolewa humo.