Jenerali Alan Cunningham na Jina la Colito

Alan Cunningham, mzaliwa wa Dublin (1887), alipigana Vita Kuu ya Kwanza akiwa afisa wa mizinga. Mwaka 1940 alikabidhiwa majeshi ya Uingereza Afrika Mashariki. Februari 1941 aliingia Somalia kutoka Kenya, na tarehe 6 Aprili askari wake wakaitwaa Addis Ababa, mwendo wa kasi isiyotarajiwa. Tarehe 19 Mei, Batalioni ya Sita ya King's African Rifles (KAR), iliyotokana na Tanganyika, ilikabiliana na vifaru vya Waitalia huko Colito, Ethiopia. Baadaye kambi ya kijeshi ya Kinondoni, Dar es Salaam, ikapewa jina hilo; leo ni Lugalo. Cunningham alihamishiwa Jeshi la Nane la Uingereza katika jangwa la Afrika Kaskazini, akaondolewa Novemba mwaka huohuo. Mwaka 1945 hadi 1948 alikuwa Kamishna Mkuu wa mwisho wa Palestina.