Vitofali vya Watoto: Unalipia Mbao ama Jina?

Tangu shule zifunguliwe mmenitumia hili swali kwa sura tofauti tofauti. Vile vitofali vya mbao vya watoto wa nasari, vile huuzwa kwa boksi lenye picha ya mtoto anacheka, bei yake ni halali ama tunaibiwa mchana? Wengine wenu mna mtoto PP1 na mwalimu amesema mlete kitu cha kuchezea darasani. Wengine mnataka tu mtoto aachane na simu. Na wengine, tuseme ukweli, mmeona jirani amenunua na sasa hamlali.

Jibu langu la haraka ni hili: vile vya mbao, kwa bei nyingi ninazoona madukani, ni ghali kupita kiasi. Vile vya plastiki vinavyoshikana, hapo kuna mjadala. Lakini usichukue neno langu bure. Hiki kichezeo kina historia ya karibu miaka 200, na ukiifuata vizuri unaona pesa yako huenda wapi.

Tuanze Ujerumani. Kulikuwa na mwalimu anaitwa Friedrich Froebel, aliyezaliwa 1782. Kabla ya kujulikana kwa mambo ya watoto alikuwa amefanya kazi na mawe ya fuwele katika jumba la madini pale Berlin. Mwaka 1837 alifungua kituo cha watoto wadogo katika mji wa Bad Blankenburg, na 1840 akakipa jina ambalo dunia imelibeba mpaka leo: Kindergarten, yaani bustani ya watoto. Vifaa vyake aliviita zawadi. Zawadi ya tatu ilikuwa mchemraba wa mbao uliogawanywa ukatoa vimchemraba vinane, kila kimoja inchi moja kila upande. Basi. Hakuna rangi, hakuna betri, hakuna wimbo.

Alitaka mtoto aone kwamba kitu kizima kinaweza kugawanyika na bado kikarudi kuwa kizima. Ni hesabu, lakini iko mkononi. Na hapa mnisikize vizuri, kwa sababu hoja yangu yote inasimama hapa: kinachofanya kazi si mbao, ni kipimo. Vipande vinane vikiwa sawasawa, mnara unasimama na mtoto anajifunza kitu. Kimoja kikiwa kimekatwa ovyo, mnara unalala, na mtoto anafikiri kosa ni lake.

Serikali ya Prussia ilipiga marufuku hizo shule 1851, na Froebel akafa mwaka uliofuata. Marufuku yaliondolewa 1860, lakini wazo lilikuwa limeshavuka mipaka. Marekani, mfanyabiashara Milton Bradley alianza kutengeneza zawadi za Froebel na kuziuza kutoka Springfield, Massachusetts, 1869. Mwaka 1876 zikaonyeshwa kwenye maonyesho makubwa ya Philadelphia. Mama mmoja akaziona huko, akamnunulia mwanawe. Huyo mtoto alikuwa Frank Lloyd Wright, aliyekuja kuwa msanifu majengo maarufu kabisa Marekani, na yeye mwenyewe alisema vile vipande vya mbao vilibaki kwa vidole vyake maisha yote. Tangu hapo wauzaji wamekuwa wakituuzia ndoto hiyo hiyo: nunua boksi, upate injinia. Hawakwambii kuna watoto wangapi walicheza na vitofali hivyo hivyo wakawa watu wa kawaida kama mimi na wewe.

Hadithi inayofuata ndiyo huniuma. Ndugu wawili Wajerumani, Otto na Gustav Lilienthal, walibuni vitofali vya mawe vya watoto, vya mchanga, chaki na mafuta ya kitani. Otto ndiye yule aliyejaribu kuruka kwa mabawa aliyojitengenezea, akaanguka na kufa 1896. Walikuwa wabunifu kweli, lakini kuuza kuliwashinda. Wakaachilia uvumbuzi wao kwa pesa kidogo kwa tajiri mmoja wa Rudolstadt, mji ulio jirani kabisa na ule wa Froebel. Huyo Richter akaweka alama ya nanga, boksi nzuri na matangazo kila mahali, na kuanzia miaka ya 1880 vikauzika nchi nyingi. Mchanga ni ule ule, chaki ni ile ile. Kilichobadilika ni nanga kwenye boksi. Mjenzi alibaki na sifa, mwenye jina akabaki na chapaa. Ukiwa kijana unatengeneza kitu hapa Bungoma, hiyo isome mara mbili.

Sasa linganisha na Caroline Pratt. Huyu alikuwa mwalimu New York, na alijua kazi ya mbao. Mwaka 1914 alianzisha shule ndogo ya watoto wa mtaa, na akabuni vitofali vinavyofuata kanuni moja rahisi: unene ukiwa moja, upana ni mbili, urefu ni nne. Kwa hiyo vifupi viwili ni sawa na kirefu kimoja, na viwili vikilazwa moja juu ya kingine vinafika kimo cha kimoja kilichosimama kwa ubavu. Mtoto hafundishwi nusu na robo, anaziokota sakafuni. Na Pratt hakuchukua hataza, ile haki ya kisheria ya kuzuia wengine wasiige. Wakaiga, wakauza, na mpaka leo vitofali vingi vya mbao vya shule za watoto duniani vinafuata vipimo vyake. Yeye hakutajirika navyo.

Maana yake kwa mfuko wako ni hii: muundo wa kitofali cha mbao ni wa bure. Ni wa bure kwa kiwanda cha China, ni wa bure kwa kampuni ya Ulaya, na ni wa bure kwa fundi aliye kando ya barabara hapa Kanduyi. Hakuna mtu anaweza kukwambia bei imepanda kwa sababu ya uvumbuzi.

Najua kuna mtu ameshaanza kuandika kwa komenti: na LEGO je? Haya. Ole Kirk Kristiansen alikuwa seremala wa kijiji cha Billund, Denmark. Uchumi wa dunia ulipoanguka kazi zikakauka, na 1932 akaanza kutengeneza vichezeo vya mbao. Mnaona? Kampuni kubwa kabisa ya vitofali duniani ilianza na fundi wa mbao aliyekosa wateja. Mwaka 1946 alinunua mashine ya kuumba plastiki, na 1949 wakatoa vitofali vya kwanza vya plastiki, wakifuata vile vya Mwingereza Hilary Page wa kampuni ya Kiddicraft. Vya mwanzo havikushikana vizuri. Januari 28, 1958, mtoto wake Godtfred aliomba hataza ya muundo wenye vijibomba ndani, ule unaofanya kimoja king'ang'anie kingine. Ghala la vichezeo vya mbao lilipoungua 1960, wakaachana na mbao kabisa.

Hapa lazima tuwe waungwana. Kitofali cha LEGO kina kazi ngumu ndani yake. Kalibu zake zinapimwa kwa usahihi wa sehemu ndogo sana ya unene wa unywele, ndiyo maana kitofali cha 1958 bado kinashikana na cha leo. Ukichukua sita vya zile chunusi nane, vya rangi moja, unaweza kuviunganisha kwa njia 915,103,765. Na vile vikubwa vya watoto wadogo, Duplo, vilitoka 1969, vikiwa mara mbili kwa urefu, upana na kimo. Hiyo teknolojia ina gharama, na kitu ambacho wadogo wanne watarithi kwa zamu si lazima kiwe ghali hata kama bei ilikuuma siku ya kwanza.

Lakini hata hapo, umbo lenyewe si mali ya mtu tena. Hataza huisha muda. Kampuni ilijaribu kulinda umbo la kitofali kama alama ya biashara, ikashindwa Mahakama ya Juu ya Canada 2005, ikashindwa tena Mahakama ya Ulaya 2010. Kwa hiyo wengine wanaruhusiwa kutengeneza. Ukilipa zaidi ya hao wengine, unalipia usahihi na unalipia jina. Jua tu ni kiasi gani cha kila moja.

Sasa turudi nyumbani, kwa sababu Kenya pia ina historia yake na watu huisahau. Nasari nyingi za hapa zilijengwa na wazazi kwa harambee baada ya uhuru. Mwaka 1971 Taasisi ya Elimu ya Kenya, kwa msaada wa Wakfu wa Bernard van Leer wa Uholanzi, ilianza mradi wa elimu ya watoto wadogo. Mwaka 1984 kikaundwa kituo cha kitaifa, NACECE, na mwaka uliofuata vituo vya wilaya, DICECE. Sehemu ya kazi yao ilikuwa kuwafundisha walimu na wazazi kutengeneza vifaa vya kujifunzia kwa vitu vya mahali walipo: magunzi ya mahindi, vifuniko vya soda, udongo, mabaki ya mbao. Haikuwa umaskini unaotafuta kisingizio. Ulikuwa mpango wa serikali, wenye walimu waliosomea.

Na jambo la kuchekesha ni hili. Wakfu wa LEGO, ambao unamiliki robo ya kampuni yenyewe, uliunga mkono vituo vya michezo vya shirika la BRAC kule Tanzania na Uganda. Huko ndani vichezeo vingi vilitengenezwa kwa vitu vya bei ya chini vinavyopatikana papo hapo. Wenye kitofali wenyewe wanajua mtoto wa miaka minne hahitaji jina la mtu ndio ajifunze kujenga.

Tuje kwa hesabu basi. Mnajua story yangu ya chuo, digrii sina, lakini kuzidisha najua. Tuseme boksi la vitofali vya mbao limefika bandari ya Mombasa likiwa limegharimu shilingi 1,000. Tangu Umoja wa Forodha wa Afrika Mashariki uanze 2005, bidhaa nyingi zilizokamilika kutoka nje hutozwa 25%. Hiyo ni 250. Halafu VAT ya 16% inakaa juu ya 1,250, hiyo ni 200. Tayari tuko 1,450, na bado ada ya tamko la uagizaji, ada ya reli, lori la kutoka Mombasa mpaka huku magharibi, faida ya wa jumla, faida ya duka na kodi ya nyumba ya duka. Mwenye duka si lazima awe mwizi. Lakini hakuna hata shilingi moja kati ya hizo imeongeza kitu kwa mchezo wa mtoto. Umelipia safari ya mbao kuja mahali penye mbao.

Sasa fanya upande wa pili. Chukua vipimo vya Pratt: unene sentimita 3.5, upana 7, urefu 14. Tafuta vipande 20 virefu na 20 vya nusu, yaani sentimita 7. Virefu vinakula sentimita 280, vifupi 140, jumla 420. Ukiongeza kinachopotea kwa msumeno, futi 15 za mbao zinatosha. Nenda uwanja wa mbao uulize bei ya futi, zidisha kwa 15, ongeza kazi ya fundi na msasa. Hiyo ndiyo bei halali ya vitofali 40. Lile boksi la dukani likizidi hapo kidogo, lipia raha ya kutosumbuka, hakuna shida. Likizidi mara tatu, wewe unalipia picha ya mtoto anayecheka.

Masharti ni mawili. Kwanza, fundi apige vipimo sawasawa. Mwambie unataka viwili vifupi vilingane na kirefu kimoja bila pengo, na usichukue kama havilingani. Pili, kingo zilainishwe na visipakwe rangi usiyoijua, kwa sababu rangi yenye madini ya risasi ni sumu na mtoto huweka kila kitu mdomoni. Mbao tupu ni salama kuliko mbao yenye urembo.

Hili swali si la mzazi mmoja mmoja tu. Katiba ya 2010 iliipa kaunti elimu ya PP1 na PP2, na katiba hiyo hiyo ikaipa kaunti vyuo vya ufundi vya vijiji. Mfuko mmoja una watoto wanaohitaji vitofali, na una vijana wanaosomea useremala wanaotafuta kitu cha kutengeneza. Mtoto wa nasari ya umma huku Bungoma akikaa bila kitofali hata kimoja, usiniambie ni kwa sababu vitofali ni ghali. Muundo ni wa bure tangu siku za Pratt, mbao ziko, vijana wako.

Kwa hivyo kabla hujatoa pesa, nenda kwa fundi wako na hivyo vipimo. Halafu rudi hapa uandike alikwambia bei gani na uko mtaa gani. Nataka tukusanye bei za Kanduyi, Webuye, Chwele, Kimilili mpaka Kitale, ndio mwakilishi wako wa wadi akisema hakuna bajeti tuwe na namba za kumwonyesha.